Kofia ya Kijani Juu ya Sanduku

Nina miaka ishirini na saba, nimesoma falsafa chuo kikuu hapa Lubumbashi, na sina mke. Mwaka jana nilikaribia kuoa... Wasomaji wenzangu, nawaandikia kwa sababu mechi kubwa imekaribia tena, na jana nilisikia vijana wa mtaa wakipigilia misumari.

Mji wetu una timu mbili za mpira, wekundu na kijani. Kwetu ni wekundu tangu babu. Baba wa mchumba wangu Mireille, Papa Kabamba wa mtaa wa Ruashi, mstaafu wa reli, alikuwa kijani mpaka mifupani. Siku aliponikubali, alivua kofia yake kuukuu ya kijani aliyokuwa akienda nayo uwanjani tangu ujana, akanivika.

"Mukwe, sina mutoto mwanaume. Hii njo yako. Uivae hata kwa kujificha," alisema, akacheka mpaka akakohoa.

Mahari tulipanga kuipeleka Jumamosi. Mechi ilikuwa Jumapili.

Mnaijua desturi yetu. Kabla ya mechi, mashabiki hutengeneza sanduku la maiti, hulipaka rangi ya wapinzani na kulizungusha mitaani wakilia kama wafiwa. Watu hucheka. Kaka yangu Serge, anayefanya kazi na malori mpakani Kasumbalesa, ndiye aliyeleta mbao. Kisha akaja chumbani kwangu.

"Mudogo, sanduku iko, lakini maiti hakuna. Tupatie ile kofia ya mukwe wako."

Mama alimsikia kutoka jikoni. "Serge, usiweke kintu ya muntu mwenye iko muzima ku sanduku ya maiti!"

Serge akanigeukia. "Weye njo ulisoma. Kofia inaweza kuua muntu?"

Swali hilo lilinigusa pabaya. Tangu utoto nimebishana na kila mtu anayeamini dawa zinazofukiwa golini. Ningeogopa kitambaa? Nikaitoa.

Nilijua kwamba wangefika Ruashi? Nilijiambia kwamba sijui...

Walifika. Mireille alikuwepo, ndiye aliyenisimulia. Baba yake alitoka getini akiwatania: "Batoto, munanizika mbele sijakula mbuzi ya mahari?" Wote wakacheka. Halafu akaiona kofia yake juu ya sanduku.

Aliuliza jambo moja tu: "Mukwe wangu mwenyewe njo alibapatia?"

Serge, bado anacheka, akaitikia kwa kichwa. Mzee akafunga geti polepole.

Kesho yake nilienda kuomba msamaha. Mama yake Mireille aliniambia kwamba mzee amelala, presha imepanda, hataki kuniona. Ijumaa wakampeleka hospitali. Jumamosi asubuhi, mbuzi wetu wa mahari akiwa tayari amefungwa kamba uani, simu ikaita... Papa Kabamba hakuwepo tena.

Jumapili nilikaa kwenye kilio, nyuma kabisa. Wajomba wa Mireille walinitazama, kisha wakatazama chini. Ghafla mtaa mzima ukalipuka kwa kelele. Goli! Pale uani hakuna aliyeuliza ni la nani.

Mireille alinifuata nje. Nikaanza kumweleza kwamba presha baba yake alikuwa nayo miaka mingi, kwamba mbao ni mbao, kwamba yeye pia amesoma na anajua...

"Najua," alisema. "Presha njo ilimuua papa. Sisemi weye uko mulozi. Lakini kofia, njo weye uliitoa."

Akarudi kukaa na mama yake. Mahari ile haikupelekwa kamwe.

Bado siamini uchawi. Na hilo ndilo linaloniumiza, maana kama ningeamini, ningelilaumu sanduku, si mimi mwenyewe. Nilishinda ubishi ambao mzee hakuwemo. Yeye alitaka kujua tu kama mkono uliotoa kofia ulikuwa wangu.

Vijana wenzangu, tanianeni, imbeni, lilieni masanduku yenu. Lakini mkiombwa kitu mlichopewa na mtu aliyewapenda, kataeni, hata wakiwaita waoga. Nawasihi.

Jana, misumari ilipotulia, Serge alisimama mlangoni kwangu, akauliza kama nina kitu chochote cha kijani.

Nilimwambia sina.