Siku Arobaini na Tatu Bila Kuzima

Kila nilipotoka shule, kabla hata ya kuvua sare, nilikimbilia meza ya sebuleni kuangalia kompyuta yetu imefikisha siku ngapi bila kuzimwa. Mimi na binamu yangu tulikuwa tunashindana. Yake ilikuwa na siku arobaini, yetu arobaini na tatu. Kila ilipoomba kuwashwa upya ili imalize kusasisha programu zake, nilibonyeza "Baadaye". Nilibonyeza mpaka kidole kikazoea.

Alhamisi moja nilimkuta dada yangu ameketi mbele ya kompyuta, amekunja uso. Fomu za kuomba chuo cha uuguzi zilikuwa zinafungwa saa kumi jioni, na sasa ilikuwa saa tisa na nusu. Kwenye simu fomu ilikataa kufunguka, na kompyuta nayo inajikokota. Akibonyeza hapa, inawaza; akibonyeza pale, inaganda kabisa. Akaniuliza kama ina tatizo. Nilijua ikiwashwa upya siku zetu zinarudi sifuri, nikamwambia labda ni mtandao.

Basi maskini akaanza kuhangaika na mtandao. Akachomoa waya, akachomeka, akatoka nje, akarudi. Mimi nimekaa kimya, nimenuna, nimemkasirikia kila mtu: kompyuta, binamu, na dada aliyengoja mpaka siku ya mwisho. Jamani, hata siku hamsini nisifikishe? Lakini nilipomwona anafuta machozi kwa kiganja, hasira yote ikanigeukia mimi.

"Dada, si mtandao," nikasema. "Ni mimi. Sijaizima tangu mwezi uliopita."

Hakunigombeza, hakuwa na muda huo. Akaiwasha upya. Kazi yote niliyoiahirisha ikaanza kufanyika mbele ya macho yetu: asilimia tano, kumi na mbili, halafu ikakwama kwenye thelathini. Nilitamani kuisukuma kwa mikono. Ilipofunguka, ilikuwa saa kumi kasoro dakika sita. Dada akajaza mbio mbio, na fomu ikaenda zimebaki dakika mbili.

Mama aliporudi kutoka kazini nilimweleza mwenyewe, bila kuficha kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mashine ikichoka inapumzishwa, basi," akasema. "Mwanangu, wewe tatizo ulilijua tangu saa tisa na nusu. Ukikosea, sema palepale, wakati bado panatengenezeka. Dada yako hakulizwa na kompyuta. Amelizwa na ile robo saa uliyokaa kimya."