Take na Get ku Meza ya Dokta

Ku nyumba ya Mwalimu Isaïe Kayembe, mu Kamina, asubui inaanza na makelele ya kikombe. Mama yake, Nkambo Kapinga, anatafuta chai. Mukono yake inapita pembeni. Kikombe inaanguka chini. Pa!

"Weye kikombe," Nkambo anasema, "unanikimbia juu ya nini?"

Léa Kanku, muke ya Isaïe, anapanguza chai. Anajua kikombe haikimbie muntu. Ni macho ya Nkambo njo inamukimbia. Sasa inafika myaka mbili. Mwanzo, Nkambo alikuwa anaona bantu kama beko mu moshi. Kisha jicho ya kuume ikakuwa nyeupe katikati, kama bunga. Ya kushoto nayo ikaanza kufuata.

Siku moja ya mungu, kisha ibada, Bwana Élisha alisimama mbele ya kanisa. Bwana Élisha ni muntu wa kugawa dawa ku lopitali. Alisema:

"Ndugu zangu, badokta ba macho banakuya. Batakaa juma moja tu. Batapasua benye kuwa na katarakte. Katarakte ni ile bweupe mu jicho. Haiko bulozi. Haiko muke ya mutoto yako alikuroga. Ndani ya jicho kuko kintu kama kioo. Muntu akizeeka, kioo inachafuka. Dokta anatosha ile yenye kuchafuka, anatia ingine. Basi."

Nkambo alinyanyua mukono.

"Banapasua muntu akiwa analala?"

"Hapana, Mama. Banaua maumivu tu. Unabakia unasikia yote. Lakini usitingizike."

"Na dokta anasema luga gani?"

"Kingereza."

Nkambo akarudi ku nyumba. Kule njo alisema:

"Muntu atakuwa na kisu pa jicho yangu, na miye sitasikia kile anasema? Léa akisimama ku kichwa yangu, nitaenda. Kama haiko Léa, muniache na giza yangu. Tumeisha kuzoeana."

Isaïe akacheka. "Mama, Kingereza ya Léa ni ya ku masomo. Imeisha kupotea."

"Basi aitafute."

Nkambo Kapinga ni ule mama mwenye alifika Kamina na treni mu 1993, wakati bantu ya Kasai balifukuzwa ku miji ya migodi. Alikuwa na batoto ine na chungu moja. Akisema neno, hairudiake nyuma.

Bahati muzuri, lopitali ilikuwa inatafuta bantu ya kutafsiri. Kulikuwa egzame ya kupima Kingereza. Léa akatosha diksionere yake ya zamani. Haikuwa na kifuniko, na panya balikula herufi S yote. Akaandika mu kaye, daftari yake, neno moja ya Kingereza, neno moja ya Kifransa. *Get: obtenir. Take: prendre.* Akaandika maneno mia mbili. Akitwanga majani ya sombe, anasema maneno. Akianika manguo, anasema maneno. Glodie, mutoto yake wa myaka sita, alizani mama anaomba.

Siku ya egzame, Bwana Élisha alisema: "Mimi njo dokta. Weye ambia mugonjwa. *Get up slowly. Take off your shoes.*"

Léa akafungua kaye mu kichwa yake. *Obtenir... prendre...* Kaye haikumusaidia. Jasho ikatoka. Kisha akatunga:

"Anasema... upate... juu. Ukamate... viatu."

Bwana Élisha akapanguza miwani yake.

"Mama, mugonjwa angali analala pale, anakamata viatu. Nitakupa juma mbili. Ukianguka tena, nitaita muntu wa Lubumbashi."

Léa akarudi ku nyumba na kichwa chini. Nkambo alisikia hatua yake.

"Ulipita?"

"Bado, Nkambo."

"*Bado* haiko *hapana*," Nkambo akasema. "Kuya tukule."

Ng'ambo ya njia, Mama Ngoy anakalanga bitumbula, maandazi ya kuuzisha, pa mbabula ya makala. Wakati ya vita alikimbilia Zambia. Alikaa myaka tano mu kambi ya bakimbizi, na kule alisimama mu milongo mingi: ya maji, ya bunga, ya dawa. Mu ile milongo njo alikamata Kingereza.

"Kingereza yangu haina diplome," anasemaka. "Iko na jasho tu."

Kesho yake, Léa akamupelekea kaye. Mama Ngoy akaiangalia, akacheka mpaka kitumbula moja ikaungua.

"Mama Glodie! Hii haiko kaye, ni makaburi! Umezika maneno, kila moja na musalaba yake!"

"Mama Ngoy, usinicheke. Nkambo atabakia kipofu."

Mama Ngoy akaacha kucheka. Akaita: "Glodie! Kuya, nitakupa kitumbula. *Kupiga* maana yake nini?"

Glodie akamupiga pa bega. "Njo ivi!"

"Muzuri. Na papa akipiga telefone, anaichapa?"

"Hapana!"

"Na akipiga foto? Na mama akipiga pasi? Na Nkambo akipiga magoti, magoti inalia?"

Glodie akacheka na kinywa yenye kujaa.

"Nani alikufundisha hii yote?" Mama Ngoy akauliza.

"Hakuna muntu. Nasikiaka tu."

Mama Ngoy akamuangalia Léa. "Unaona? Mutoto wa myaka sita iko na *kupiga* tano, na hana kaye. Hakukamata neno peke yake. Alilikamata pamoja na telefone, na pasi, na magoti. Neno iko kama muntu. Ukitaka kumujua, angalia beko anatembea nabo."

Akachora mustari mu kaye, toka juu mpaka chini.

"Tuanze na haya mbili yenye ilikuangusha. Ubatie moja pembeni ya ingine, kama bake mbili ya bwana moja. Usimuambie pasta. Bakikaa pamoja, njo utaona tabia ya kila mumoja. *Take* ni muke ya mikono. Anakamata, anabeba, anatosha. *Take this medicine*, kunywa hii dawa. *Take off your shoes*, vula viatu. *Take her to the toilet*, mupeleke ku choo."

"Na *get*?"

"*Get* ni muke ya safari. Yeye anaangalia fasi yenye unafika. Ulikuwa unalala, sasa umesimama: *get up*. Ulikuwa nje, umeingia: *get in*. Ulikuwa muzima, umegonjwa: *get sick*. Ulikuwa mugonjwa, umepona: *get better*. Barua ilikuwa mbali, sasa iko kwako: *get a letter*. Kila mara, kuko fasi ulikuwa, na fasi uko sasa."

Léa akaandika mbio mbio. "Kila mara vile?"

"Kila mara hapana! Kuko muke gani anafanyaka ile ile kila siku? *Take your time*, kuko mukono gani pale? Maana yake: usikimbie. Njo juu ya ile usiandike neno peke yake. Andika maneno yote yenye muntu alisema, na uandike kile kilifanyika kisha. Na toka leo, usiandike kitu yenye haujafanya na mwili."

Siku ile, nyumba ya Mwalimu Kayembe ikakuwa kambi ya basoda, amri juu ya amri.

"*Get up!*" Léa akasema. Isaïe akasimama.

"*Get out!*" Isaïe akatoka inje.

"*Take the bucket to the well!*" Isaïe akarudi ndani.

"Hapa sikusikia muzuri," akasema.

"Ulisikia, Papa!" Glodie akapiga kelele. "Ni ndoo! Ni maji!"

Nkambo, pa kiti yake, akatingiza kichwa. "Ile Kingereza yote ni maneno mbili tu? Na Baingereza balichukua dunia nayo?"

Siku ya tatu, Mama Ngoy akafika kuangalia. Léa akatuma Isaïe, akatuma Glodie, akatuma hata Mama Ngoy mwenyewe. Maneno ilikuwa inatoka bila kutafuta.

"Kweli, Kingereza yako inatembea," Mama Ngoy akasema. "Sasa mutume mugonjwa."

Léa akainamisha macho. Kwao, muke ya mutoto hatumake mama ya bwana yake. Akaanza polepole: "Nkambo, kama haikusumbui, na kama unajisikia, pengine ungeweza kujaribu kidogo..."

"Simamisha!" Mama Ngoy akasema. "Dokta amesema maneno mbili, weye unahubiri. Kisu haingojake mahubiri."

"Mama Ngoy, siwezi. Ni mama ya bwana yangu."

Nkambo akapiga fimbo yake chini. "Kanku!"

"Nkambo."

"Kuya hapa mbele yangu. Mu hii nyumba, weye ni muke ya mutoto wangu. Utaniheshimu mpaka siku nitakufa. Lakini ku meza ya dokta, weye njo masikio yangu. Masikio inaombaka ruhusa? Niambie nisimame."

"Simama, Nkambo," Léa akasema na sauti ya chini.

"Sikusikia."

"Simama!"

Nkambo akasimama kama mupolisi anaona komanda. Goti ikagonga meza. Kisha Nkambo mwenyewe akaanza kucheka, anashika goti.

"Njo vile," akasema. "Tena!"

Kisha juma mbili, Léa alirudi mbele ya Bwana Élisha. Alikuwa na kaye yenye kujaa, lakini aliiacha mu saki yake ya mukono. Bwana Élisha alisema Kingereza, Léa akasema Kiswahili, kisha Kiluba ya Kamina, kisha Tshiluba ya Kasai. *Get in. Take a deep breath. Take two every morning. You will get better.* Haikumupita hata moja.

Kisha Bwana Élisha akasema: "*Don't let the noise get to you.*"

Léa akapima maneno moja moja. *Noise* aliijua, ni makelele. *Get* aliijua pia. Lakini zote pamoja, hakuzijua. Pengine ni makelele inafika? Inafika wapi? Angeweza kutunga kitu. Ingefanana na kweli. Akawaza jicho ya Nkambo, na kisu pembeni.

"*Sorry*," akasema Kingereza. "*I don't know this one. Please say it another way.*"

Bwana Élisha akaweka biki chini. Akalirudilia na maneno ingine.

"Ah!" Léa akasema. "Makelele isikusumbue. Naomba niandike."

"Andika, Mama. Bantu saba balijaribiwa hapa kabla yako. Hakuna mwenye alijua hii. Bote balitunga. Mumoja aliniambia mugonjwa asilete ngoma. Weye tu njo uliuliza. Mwenye kuuliza, naweza kumuachia mugonjwa. Utaanza siku ya kwanza."

Siku badokta balianza kazi, bantu balijaa lopitali mpaka inje. Bengine balitoka Kabondo-Dianda, siku mbili mu njia mubaya. Nkambo Kapinga aliingia. Akalala pa meza. Bakamufunika kitambaa, jicho moja tu ikabakia inje. Léa akasimama ku kichwa yake.

Dokta alikuwa mama mwembamba, hasemi mingi. Akisema neno moja, Léa anasema neno moja.

"Angalia mwangaza."

"Naangalia."

"Usiseme. Usitingizike."

Katikati ya kazi, mukono ya Nkambo ikaanza kutoka chini ya kitambaa. Ilikuwa inapanda ku sura, polepole.

"*Take her hand!*" dokta akasema.

Léa hakutafuta neno. Mukono ya Nkambo ilikuwa imeisha kuwa mu mukono yake.

"Nkambo, mukono chini!"

"Pua inaniwasha."

"Acha iwashe! Usitingizike!"

Mukono ikashuka. Léa akaikamata mpaka mwisho, na kidole yake kubwa ikasikia damu ya Nkambo inapiga mbio, kisha polepole. Dokta akamaliza kazi yake, akanyoosha mugongo. Akasema neno moja.

"Imeisha," Léa akasema.

Chini ya kitambaa, sauti ikatoka: "Hata bwana yangu, Mungu amulaze, hakunisemeshaka vile."

"Unisamehe, Nkambo."

"Nikusamehe nini? Uchunge ile sauti. Jicho ya pili inabakia."

Kesho yake asubui, bakatosha bandeji. Nkambo akafunga jicho, akafungua, akafunga tena. Akaangalia mukono yake. Akaangalia Léa, muda murefu.

"Mama Glodie," akasema. "Umekonda. Nani anakula chakula yako?"

Inje, muzee Jérémy wa Kabondo-Dianda alikuwa anafunga mizigo yake. Usiku hakulala, juu ya woga ya kupasuliwa. Nkambo akaenda mpaka kwake, bila fimbo, bila muntu wa kumushika.

"Muzee, unaenda wapi? Uko na kofia ya kijani, na kifungo moja ya shati haiko. Naona vile. Ingia. Kuko mwanamuke pale ndani. Akikuambia lala, lala. Akikuambia nyamaza, nyamaza. Asipojua, atauliza. Hatakudanganya."

Muzee Jérémy akafungua mizigo.

Ile juma, Léa alisimama ku kichwa ya bantu makumi tatu na tisa. Dokta aliomba lopitali imuite Léa tena ku mwaka yenye inakuya. Mama Ngoy akasema atamufundisha maneno ingine mbili, *put* na *keep*, lakini bitumbula asaidie kukalanga.

Na Nkambo? Siku ya tano alikaa pa mulango na sahani ya maharagi, anaichagua. Alitosha jiwe. Akatosha ingine. Mawe ikajaa kiganja. Akaita na sauti kubwa:

"Isaïe! Kanku! Myaka mbili yote munanilisha mawe?"

"Mama," Isaïe akasema, "hatukuonaka."

"Hamukuonaka!" Nkambo akasema. "Na miye njo nilikuwa kipofu?"