Nilisikiliza Kabureta, Sikumsikiliza Masanja

Nina miaka ishirini na minne, nimesoma hadi darasa la saba, na kazi yangu ni ufundi wa magari hapa Mwanza. Ukinikuta njiani utanikuta nacheka. Lakini wasomaji wenzangu, kuna jina moja nikilisikia kicheko kinakauka... Masanja!

Tulianza pamoja, tukiosha spea kwa mafuta ya taa kwenye gereji ya watu. Ndoto yetu ilikuwa moja, gereji yetu wenyewe. Miaka hii ya soko huria kila mtu anafungua duka. Kwa nini sisi tusifungue gereji?

Ndipo akatokea Mzee Ntobi, mnunuzi wa pamba kutoka Magu. Alikuwa na gari la michezo la zamani, jekundu, viti viwili, halina paa, aliuziwa na Mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Lilikuwa zuri jamani! Ila injini ilikuwa inamisi, inatetemeka na kuzima ovyo. Mzee akatuambia, "Vijana, siku ya harusi nikimfikisha binti yangu kanisani na gari hili bila kusukumwa, banda langu la pale Nyamagana ni lenu. Fanyeni gereji."

Akatuachia tuanze kazi humo bandani, kila mmoja na ufunguo wake. Usiku ule sikulala kwa furaha!

Gari lile lina kabureta mbili, na lazima zivute hewa sawasawa. Kuzipima unachukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine mdomoni mwa kabureta, unasikiliza mvumo wa upepo. Masanja alisikiliza, mimi nikageuza skrubu.

"Kidogo... kidogo... umepitiliza! We Faustine, unakaza kama unafunga ng'ombe!"

Tulicheka mpaka machozi. Kufikia Ijumaa injini ilikuwa inaimba.

Masanja ni Msabato. Jumamosi hagusi spana, na Jumapili anafanya kazi peke yake wakati mimi niko kanisani kwenye kwaya. Basi Jumatatu nikawasha gari... likakohoa! Moshi wa bluu, plagi nyeusi, zimelowa. Tukasafisha, tukapima upya, likapona. Jumatatu ya pili, vilevile. Ya tatu, vilevile!

Nani alikuwa na gari Jumapili? Nilijiuliza swali hilo moja tu, na nikajijibu mwenyewe.

Aliyenichochea ni kaka yangu Lukas, tumbo moja kabisa. Yeye ni mvuvi wa sangara. Injini ya boti lake nilimruhusu aiweke mle bandani, na ufunguo nikampa. Akaniambia, "Mdogo wangu, huyo analitaka banda peke yake. Fumbua macho."

Nikamvaa Masanja mbele ya wateja, Mzee Ntobi akiwepo. Nilimwita nyoka. Nikasema anageuza skrubu Jumapili ili nionekane sijui kazi. Nikamtukania hata mkewe, aliyekuwa amejifungua wiki ileile! Yeye alisema neno moja tu, "Faustine, skrubu hazijaguswa. Tufungue tenki kwanza."

Sikumsikiliza. Mzee akamfukuza palepale. Masanja akavuka ziwa kwenda Nansio na mke na kichanga.

Jumatatu iliyofuata Masanja hayupo, na gari likakohoa vilevile. Mwenye akili si angeshtuka? Mimi nikasema ameliharibu kabla hajaondoka! Nikasafisha plagi, nikapima kabureta peke yangu, nikamwambia Mzee mambo safi.

Siku ya harusi Mzee aliendesha mwenyewe, binti yake pembeni na shela lake. Mimi niliwafuata na pikapu. Gari likazima mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu likafia mbele ya akina mama wauza samaki, moshi umemfunika bi harusi, analia!

Nikafungua boneti. Mama mmoja akaja na beseni lake, akanusa.

"We fundi! Mbona gari linanuka kama boti la mume wangu?"

Wenzake wakaangua kicheko. Injini za maboti yetu hunywa petroli iliyochanganywa na oili... Nikachota ya kwenye tenki kwa chupa ya soda. Rangi ya chai, na chini yake maji. Maji ya ziwa!

Bi harusi alisukumwa mpaka kanisani. Mzee hakupiga kelele. Alisema tu, "Usipite tena hata mbele ya duka langu."

Nilimpelekea kaka Lukas ile chupa, na hakukana. Kila Jumapili jioni, Masanja akishafunga, aliingia na ufunguo wangu, akanyonya petroli safi ya gari apeleke kwenye boti lake, kisha akarudishia masalia machafu ya dumu la boti ili geji isishuke.

"Kwa nini ukamsingizia mwenzangu?" nilimuuliza.

"Na wale sangara uliokuwa unakula kila Jumatatu," akanijibu, "ulidhani wanavuliwa kwa maombi?"

Nilivuka kwenda Nansio. Nilimkuta Masanja amechuchumaa, anatengeneza injini ya boti. Hakusimama. Nikatoa ule mpira wetu mfukoni, nikampa. Akaweka ncha moja sikioni, nyingine akanielekezea mdomoni.

"Haya, sema."

Nikasema yote, nikilia kama mtoto. Tenki, Lukas, mkewe niliyemtukana...

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, ndugu yangu."

"Basi nasikia upepo tu." Akanirudishia mpira, akainamia kazi yake.

Ndugu zangu mnaosoma, nawasihi! Rafiki akikwambia tufungue tenki kwanza, fungua. Usimhukumu mtu kwa sababu tu siku zake za kazi si zako. Na usidhani wa tumbo moja hawezi kukuumiza. Mimi nilidhani.

Mpira ninao bado. Naweka sikioni mwenyewe, nageuza skrubu mwenyewe... na hakuna wa kuniambia nimepitiliza.