Nilichomoa Waya Katikati ya Shoo

Mwanamke mwingine alikuwa anaimba wimbo wangu... na bendi yangu... na umati unamshangilia!

Mimi niko nyuma ya jukwaa, nahema, ndala miguuni, skafu shingoni.

Jamani, ingekuwa wewe ungefanyaje?

Ngojeni niwape mkanda mzima.

Bendi yetu ni ya watu watatu. Kaka yangu yuko kwenye gitaa. Ngoma anapiga Nyundo, mchumba wangu. Mimi ndiye sauti. Tunapiga roki ya kwetu wenyewe, hatuna kampuni wala meneja. Tulianzia kwenye chumba cha kufulia nyumbani kwa mama, mashine ya nguo ikinguruma kuliko spika zetu.

Kiangazi hiki nyota ikawaka. Tukapewa jukwaa la wazi kwenye bustani ya mji, kila Jumamosi jioni. Sharti lilikuwa moja: mkikosa shoo, nafasi anapewa mwingine.

Basi si ndiyo sauti ikanikauka!

Daktari hakunibembeleza. "Ukiimba kabla koo halijapona, usahau kuimba tena."

Jumamosi ikafika. Kaka akaja chumbani na Nyundo.

"Pumzika, mdogo wangu. Shoo ya leo imeahirishwa, jukwaa limeharibika."

"Kweli?" nikamwandikia kwenye simu, maana kuongea siwezi.

"Sasa nikudanganye ili iweje?"

Nyundo alikuwa anatazama sakafu. Hiyo nikaiona.

Wakaondoka. Nikajilaza. Nikageuka. Nikaamka. Nikakaa. Roho imegoma kabisa kutulia! Nikafungua dirisha nipate hewa...

Upepo ukaniletea mlio wa gitaa la kaka kutoka bustanini, mtaa wa pili tu!

Nilitoka mbio nilivyo. Walinzi wananijua, wakanipisha. Nikaibukia nyuma ya jukwaa, na nilichokiona kilinikata maini.

Yule mwanamke, kanipa mgongo, kavaa koti LANGU jekundu! Kofia kichwani, anaruka kama ana springi. Watu wanaitikia kiitikio changu. Na Nyundo? Anamchekea, meno yote nje!

Kumbe nimeshatupwa!

Sikufikiria. Niliona waya wa maikrofoni, nikauvuta kwa hasira zangu zote.

Sauti ikakata. Puu!

Mnajua alifanya nini? Alisogea hadi ukingoni mwa jukwaa, akatanua kifua, akaendelea kuimba hivyo hivyo, bila maikrofoni. Umati ukanyamaza kumsikiliza. Halafu mmoja akadakia, kisha wengine... bustani nzima ikawa inaimba!

Wimbo ukaisha. Akavua kofia ajifute jasho, akageuka.

Nikauachia waya.

Alikuwa MAMA! Na maisha yangu yote sijawahi kumsikia akiimba.

Kaka akanivuta pembeni. "Una wazimu? Tungekuambia ukweli ungekubali kulala? Si ungekuja kulimaliza koo lako hapa!"

Nikamnyooshea kidole mama. Yeye?!

"Kajitolea mwenyewe. Miaka yote tunafanyia mazoezi kwake, ulidhani anafua tu? Nyimbo zote anazo kichwani."

Mama akatufikia, anatweta.

"Nani kachomoa waya wangu?"

Nikainua mkono, machozi yananitoka.

Akanitazama juu mpaka chini. Nikajua leo nazabwa kibao mbele za watu.

"Chomeka, mwanangu," akasema. "Bado nyimbo mbili."

Nikachomeka. Nikakaa juu ya sanduku la vyombo nikilia, huku namsikia akiniimbia maneno yangu vizuri kuliko ninavyoyaimba mwenyewe.

Koo limepona sasa. Nafasi hatukuipoteza. Ila mama kagoma kushuka jukwaani!

"Nilikushikia nafasi," anasema. "Sikusema nitairudisha yote."

Kwa hiyo tunaimba wawili, na koti kachukua moja kwa moja.

Ndugu zangu, ukimkuta mtu kakaa mahali pako, usimhukumu kwa kumwona mgongo. Zunguka kwanza, umtazame usoni.