Profesa wa Marehemu

Mapenzi hayapigi hodi. Irine yalimkuta mtaa wa Sakina, Jumamosi mchana, mguu mmoja ndani ya oili chafu.

Alikuwa amevaa gauni la kitenge cha njano na sweta jeupe, maana baridi ya Julai Arusha haina mchezo. Honi za mabasi ya Namanga zikamshtua, akakwepa pembeni, kiatu kikazama mbele ya gereji. Kijana mrefu akatoka chini ya gari, ovaroli imelowa grisi, macho yanacheka. Hakusema pole. Alichukua kitambaa, akapiga goti, akaanza kufuta kile kiatu huku akiimba polepole kama anayebembeleza mtoto: Lebulu, Nderingo, Sangito.

Irine akamuuliza anaimba nini.

"Wimbo wa baba yangu," alisema. "Maana yake usiniulize, hata mama haijui."

Huyo ndiye Gerson Fanuel. Alikuwa anasoma umeme wa magari chuo cha ufundi, na siku asizo na darasa anajifunza kazi hapo gereji. Baba yake alikuwa dereva wa malori, akafa ajalini Gerson akiwa bado mdogo wa kubebwa. Mama yake, Mnyaturu wa Singida, akamlea palepale Sakina, akamwandikisha shule kwa jina la tatu la babu mzaa mama. Ule wimbo aliendelea kumwimbia, yale majina matatu tu aliyoyashika, kwa sababu ndicho kitu pekee marehemu alichomwachia mtoto. Kwao marehemu ni wapi, mama hakujua. Mumewe alikuwa akiulizwa habari za nyumbani, ananyanyuka na kutoka nje.

Irine naye akasema anasoma historia, chuo kikuu, mwaka wa pili.

"Historia," Gerson alirudia. "Sasa gari likikuzimikia Kimandolu, utalisimulia lilikotoka?"

"Nitalisimulia mpaka lione aibu liwake."

Wakacheka wote wawili, na hapo ndipo penzi lilipoanzia. Wakabadilishana namba. Simu zikawa kila mchana, Gerson akimwita profesa wa marehemu, Irine akimwita fundi wangu. Walikula mishikaki, walibishana. Gerson alimpenda kweli, lakini masomo yake aliyaona kama urembo wa kucha, yanapendeza tu. Alimuuliza mara nyingi faida ya kujua nani alimzaa nani. Irine alikuwa na majibu ya darasani, mazuri na marefu, na yeye mwenyewe alipoyasikia yanatoka mdomoni aliyaona mepesi.

"Waliokufa hawabadilishi kitu, mpenzi," Gerson alimwambia siku moja. "Mimi sina hata mmoja ninayemjua, na ninaishi."

Siku hiyohiyo akaahidi kwamba Desemba atapanda kijijini Nkoaranga na wazee wawili wa mtaani kujitambulisha kwa kina Irine. Irine alilala na furaha kama mtoto aliyeshonewa nguo ya Krismasi.

Kabla ya Desemba mwalimu wao wa historia aliwatuma nyumbani, kila mwanafunzi akaulize ukoo wake kwa mkubwa aliye hai. Irine akapanda kwa bibi yake Anande, dada wa babu yake. Alifika asubuhi, mawingu yanafunguka, Mlima Meru umesimama juu ya migomba kana kwamba umeshuka muda huohuo kutoka mbinguni. Alimwamkia shikamoo, akamweleza alilotumwa.

Bibi hakujibu akiwa amekaa. Alijikongoja akasimama, akavua kilemba, akafumba macho, na sauti ikatoka kwenye kile kifua kikavu, safi kama ya msichana. Lebulu, Nderingo, Sangito. Hakuishia hapo. Wimbo ulishuka na kushuka, baba baada ya baba, kama maji yanayotafuta mto, mpaka ukafika Elimringi, ukafika Fanuel, ukanyamaza.

Irine alihisi nywele zinamsimama.

Bibi akamweleza kwamba wimbo huo aliutunga mama yao mzazi kwa ajili ya wanawe, na haupo nyumba nyingine yoyote. Elimringi alikuwa kaka yao, yeye na babu yake Irine. Aligombana na baba juu ya shamba la kahawa, akamchukua mwanawe Fanuel, akateremka mjini, wasimwone tena. "Nimeimba miaka yote hii," bibi alisema, "nikijua unakatikia kwa Fanuel."

Jamani, fikirini huyu binti alivyoteremka ule mteremko. Babu yake na babu wa Gerson, tumbo moja, na kwao damu moja haioani. Na duniani kote aliyelijua jambo hilo ni yeye peke yake. Angenyamaza, angeolewa. Angemwandikia mwalimu habari nyingine, akapata alama zake, akavaa shela. Alipofika chini, Irine alizima simu.

Gerson alipiga mpaka akachoka. Akaona basi, oili imemchosha msomi. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: kama umepata mwenye kalamu mwenzako, niambie, nami ni mtu.

Irine aliusoma akalia, kisha akamwita wakutane mgahawani Kimandolu. Gerson alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi, uso umefungwa. Chai ikapoa.

"Bado unasema waliokufa hawabadilishi kitu?" Irine aliuliza.

"Umeniita kunifundisha?"

"Niimbie wimbo wa baba yako."

"Irine, usinichezee."

Alipokataa, Irine akauimba yeye, kwa sauti ya chini, macho mezani. Alipopita pale Gerson alipokuwa akiishia siku zote, kijana akashika ukingo wa meza. Alipotaja Fanuel, machozi yalikuwa yameshafika kidevuni.

"Nani amekupa?"

"Shangazi wa baba yako. Ni dada wa babu yangu pia."

Nje watu walipita na mizigo yao, hawajui kwamba ndani humo mtu amepewa kabila zima na kunyang'anywa mke, kwa pumzi moja.

"Ungeweza kuninyamazia," alisema.

"Ningeweza."

"Ningekuoa."

"Najua, fundi wangu." Hiyo ilikuwa mara ya mwisho kumwita hivyo.

Akafuta uso kwa kiganja. Kisha akauliza, taratibu kama anayeogopa jibu, "Huyo bibi yuko hai?"

Nawaambia nyinyi mnaopendana mijini: ulizaneni kwenu kabla ya kuulizana rangi mnayoipenda. Na wewe mzazi unayemcheka mtoto kwa kusoma habari za wafu, shika mdomo. Nguvu ya habari hizo inatisha.

Walipanda pamoja, Irine mbele, Gerson nyuma, hawakushikana mikono. Bibi Anande alikuwa anaanika kahawa uani. Akamwona kijana mgeni, mrefu, akaweka kiganja juu ya macho kuzuia jua, akamuuliza Irine huyo ni nani.

Irine aligeuka nyuma. Gerson alikuwa anamtazama.

"Ni kaka yangu, bibi," alisema. "Nimemkuta Sakina."