Upande wa Kulia

Walikanyagana kwenye duka la vifaa vya muziki, Jumamosi ambayo jiji zima la Bandung, Indonesia, lilikuwa madukani.

"Mguu wangu, Kang!" alilia binti mwenye blauzi ya kebaya ya kijani na raba nyeupe, akimwita kaka kwa Kisunda.

"Samahani, Neng. Nikufidie kwa bakuli la supu ya seblak?" aliuliza kijana; Neng ni binti kwa lugha hiyo.

"Ya pilipili kali?"

"Mpaka ulie."

"Basi kanyaga na wa pili."

Hivyo ndivyo Dadan, fundi wa kuchanganya sauti, alivyompata Rengganis. Furaha yake haikudumu. Wiki iliyofuata binti aliletwa kurekodi albamu studioni kwao, naye ndiye aliyekuwa mchumba wa mwenye studio, Pak (Bwana) Gumilar. Kaka yake Rengganis, Yayat, ndiye aliyempangia uchumba huo. Albamu ikiisha, ndoa.

"Rudia ubeti, Neng," Dadan alimwambia kila siku.

"Nimekosea wapi?"

"Hujakosea. Ila ukimaliza, unaolewa."

Rengganis alicheka, machozi yakimlengalenga. Chumba cha kuimbia hakikuwa na dirisha, ila kioo cha kutazamana na Dadan.

Mchana mmoja, akipanga rekodi kwenye kompyuta, Dadan alikuta mazungumzo ya Rengganis na Yayat. Walikuwa wamekaa kila mtu na maiki yake, wasijue kwamba zinarekodi. Aliyafungua kwenye njia ya mono, yenye mkondo mmoja wa sauti, akasikia sauti ya Rengganis peke yake: "Simpendi, Kaka. Nimechoka kujifanya. Nikimwona tu, pumzi inanikatika."

Akafunga. Aliamini anasemwa yeye.

Jioni Rengganis akapiga simu. "Mpenzi, mbona umeninunia?"

"Kazi nyingi, dada."

"Dada? Leo nimekuwa dada?"

Dadan akakata simu. Tangu hapo hakumwambia arudie hata neno moja. Nyimbo zikaisha mbio, ukabaki mmoja.

Asubuhi ya kurekodi wimbo huo, akifuta mafaili, akaligundua kosa lake: rekodi ile ilikuwa stereo, yenye pande mbili, na njia ya mono aliyoielekezea ilipitisha upande wa kushoto tu. Akaielekeza upya. Kutoka kulia, Yayat akauliza: "Gumilar unampenda au humpendi?"

Kumbe asiyependwa ni Gumilar.

Rengganis alikuwa tayari nyuma ya kioo. Pak Gumilar alikuwa kwenye kochi, akibishana kwa simu na wapishi wa harusi. Dadan akaielekeza maiki yake kwenye hedfoni za Rengganis peke yake, akanong'ona: "Neng, nilisikia upande mmoja. Nikadhani unanisema mimi. Nisamehe."

Sauti ya maiki ya binti ilitokea kwenye spika kubwa za chumba. Dadan akanyoosha mkono aizime.

"Usizime!" sauti yake ikajaa chumba. "Pak Gumilar, waambie wapishi wasije. Mimi siolewi na wewe. Nampenda huyo aliyekupa mgongo."

"Dadan, mzime huyo!"

Dadan akaondoa mikono mezani.

Walifukuzwa wote wawili, na nyimbo zote zikabaki kwa Gumilar. Barabarani mvua ilikuwa inanyesha.

"Huna kazi," alisema Rengganis.

"Na wewe huna albamu."

"Kaka Yayat ataniua. Utanioa, au unanisindikiza tu?"

"Nakuoa, Neng. Twende nikamwambie mwenyewe."