Uso Ndani ya Duara

Karimi alipoichukua simu asubuhi ile alikuta duara limehama. Alikuwa amelipanga mwenyewe pembeni, chini kabisa ya kioo, mahali kidole gumba kinapofika bila kuhangaika. Sasa lilikuwa juu, limebanana na saa, na picha ya bintiye Kanana ikimtazama kutoka humo. Akalirudisha. Tangu aweke ile launcha mpya, apu ya kubadilisha sura yote ya simu, hakuwa na utulivu mpaka apange, apangue, apange tena, kwa hiyo alijilaumu mwenyewe.

Githongo nzima ilijua ugonjwa wake. Wenzake wakichuma kahawa, yeye anabadilisha rangi za aikoni. Leo saa ya mishale, kesho wijeti ya hali ya hewa yenye mawingu yanayotembea. Lakini alichotaka hasa ni uso wa mwanawe kwenye ukurasa wa kwanza. Fremu ya picha ilikuwa ya kulipia. Wijeti ya kumpigia mtu simu kwa kuigusa tu ilikuwa ya bure, nayo ilikuwa na duara zuri la picha. Basi Karimi akatafuta jina Kanana kwenye simu yake, akalipata, akalivisha picha ya mtoto.

Namba yenyewe ilikuwa ya mama mkwe. Huko Meru mtoto hupewa jina la nyanya yake, shosho wanavyomwita, na bibi yule, siku mjukuu alipozaliwa, alimwamuru Karimi afute "Mama Muthomi" aandike Kanana, watu wajue sasa wako wawili. Mwaka uliofuata akafariki. Walimzika mteremkoni, chini kidogo ya nyumba, kando ya kahawa, na koti lake la kanisani, na mfukoni mwa koti kabambe yake, kisimu kile cha vitufe, maana hakuna aliyekumbuka kuitoa. Karimi hakuona ubaya wowote. Aliona duara limependeza.

Kufikia Jumapili duara lilikuwa katikati ya kioo, limenenepa, limeisukuma saa mpaka ikabaki nusu. Alilifuta. Likarudi. Akaondoa launcha yenyewe, na duara likabaki peke yake kwenye kioo kitupu.

"Muthomi, hii simu iko na kitu," alimnong'oneza mumewe.

"Kitu gani? Majini ni ya Mombasa," Muthomi akacheka. "Huku tuko na network mbaya tu."

Hakucheka tena aliponusa nywele za mtoto. Zilinuka ugoro. Hakuna mtu aliyevuta ugoro nyumba ile tangu mama yake azikwe. Kanana alikuwa ameanza kukataa maziwa, anakaa mlangoni akijisugua goti kama alivyozoea nyanya yake, na mwili wake ulikuwa baridi hata kwenye jua. Muthomi alitoka mbio kutafuta gari la kuwapeleka hospitali, na Karimi akabaki na mtoto.

Ukungu ulikuwa umeshuka mchana ule. Karimi aligeuka kuchukua shuka la kumfunika mtoto, na alipogeuka tena alimwona ameshika simu, kidole kimekandamiza uso wake mwenyewe ndani ya duara, na kabla hajamnyang'anya akasikia, kutoka huko chini kwenye kahawa, chini ya udongo ambao yeye mwenyewe alitupa konzi yake siku ya mazishi, mlio mwembamba wa kabambe ukiita, ukiita, kisha ukakatika kama unavyokatika mtu anapopokea.

"Shosho amesema nikuje," mtoto akasema.

Karimi alipiga kelele. Jirani yao Angeline, mama wa kanisa aliyemwosha marehemu, alikuja mbio na kumpakata mtoto. Akaitazama simu kwa muda mrefu.

"Nani aliweka hii picha hapa?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Ni mimi. Nilikuwa napamba tu."

"Jina mlimpa, na hiyo ni sawa, alilitaka. Lakini uso, Karimi? Mtu akienda, nafasi yake inaachwa wazi. Wewe umemwekea mtoto hapo."

"Nitaitupa chooni."

"Utaitupa na mtoto ndani yake. Uso hautupwi. Labda uwekwe mwingine." Angeline akashtuka, akajiziba mdomo. "Sikusema hivyo. Ngoja Muthomi. Ngoja pasta aombe."

Midomo ya Kanana ilikuwa inageuka buluu. Karimi hakungoja. Alijipiga picha pale pale, kilemba kimepinda, macho yamejaa machozi, akaiweka kwenye duara. Kioo kikamchoma vidole kwa baridi.

Mtoto akapiga chafya. Joto likamrudia mashavuni, akalia njaa, na Karimi akalia naye kwa furaha, furaha tupu, akakimbilia jikoni kuleta uji. Alipotoka na kikombe, Angeline alirudi nyuma mpaka ukutani, akiukodolea macho uso wake.

Karimi akapiga magoti, akamnywesha. Kanana alikunywa uji wote, akafuta mdomo, akamtazama usoni kwa upendo mwingi.

"Asante, shosho," akasema. "Mama ako wapi?"